Kuchomoa vyeti kwenye faili la PEM

Leo jamaa kanitumia faili la PEM (faili la maandishi la kuhifadhia vyeti na funguo) lenye vyeti vya seva vimerundikana, na ufunguo wa siri umo humohumo. (Ufunguo wa siri unatumwaje kwa meseji, jamani?) Nilihitaji vyeti tu. Alama zake zinajulikana (kila cheti huanza na mstari wa BEGIN CERTIFICATE na kuishia na END CERTIFICATE), basi nikaandika hivi kwa Python:

```
vyeti, ndani = [], False
for mstari in faili:
    if mstari.startswith("-----BEGIN CERTIFICATE"):
        ndani, cheti = True, []
    if ndani:
        cheti.append(mstari)
        if mstari.startswith("-----END CERTIFICATE"):
            vyeti.append("".join(cheti))
            ndani = False
```

Kila kitu kinategemea hiyo `ndani`. Ikiwa False, mstari unapita bila kuguswa, ndiyo maana ufunguo haukuokotwa: wenyewe huanza na BEGIN PRIVATE KEY.

Wapenzi wa regex (kutafuta maandishi kwa ruwaza), najua mtasema `re.findall` na `re.DOTALL`. Sawa, ila `.*` ina uroho: itameza kuanzia BEGIN ya kwanza mpaka END ya mwisho, na ufunguo ukiwa katikati unaondoka nao. Wekeni `.*?`, inayokomea kwenye END ya kwanza. Binafsi napendelea kitanzi, hasa kwa faili nzito kama logi, maana kinasoma mstari mmojammoja bila kujaza RAM.

Jamaa nimemwambia atengeneze ufunguo mpya leo hii hii. Bado anabisha.