La sita kutoka katikati

Machi 2017, katika wiki ya kuelekea Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani ambayo huadhimishwa tarehe 20, matabibu wa meno walikuja shuleni kwetu, Muheza. Mimi nilikuwa mwalimu wa afya. Walichoomba ni darasa moja lenye mwanga na madawati mawili imara, basi. Darasa nililowapa halikuwa na soketi hata moja.

Walishuka kwenye bodaboda wawili, kaka na dada, na vifaa vyao vyote vilikuwa kwenye begi la mgongoni. Dada aliunganisha madawati chini ya dirisha, akatandika kanga, akavaa tochi ya kichwani na glovu. Nilimuuliza watazibaje meno bila mashine. Akanionyesha vijiko vidogo vya chuma vya kukwangulia sehemu iliyooza, kisha chupa mbili, moja ya unga na moja ya kimiminika, ambavyo huchanganywa hapohapo na kujazwa kwenye tundu. Akanieleza kwamba njia hiyo ilianzia hapahapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, pale daktari Mholanzi Jo Frencken na wenzake wa Dar es Salaam walipotafuta namna ya kuziba meno vijijini pasipo umeme wala maji ya bomba. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa nchi nyingine. Nilifurahi sana kulisikia hilo, na nililirudia mstarini kesho yake ili watoto nao wajue.

Lakini ninachokikumbuka zaidi siku ile ni binti mmoja wa darasa la pili.

Kwa wiki kadhaa alikuwa akishika shavu wakati wa somo, na uji alikuwa akiunywa kwa upande mmoja. Dada alipomulika kinywani alinyamaza kidogo, akaniambia niite mzazi. Mama yake hakuwa mbali, alikuwa akiuza mihogo ya kukaanga nje ya geti. Alikuja mikono ina mafuta.

"Mama, jino hili la chini limeoza mpaka kwenye mzizi. Inabidi aje hospitali ling'olewe," dada alimwambia.

"Si la utoto hilo? Acha litoke, litaota jingine."

Dada hakumbishia. Alimvuta karibu, akamwekea binti kioo kinywani, akaanza kuhesabu kutoka katikati ya taya: moja, mbili, tatu, nne, tano. "Meno ya utoto ni 20, mama. Kila upande, juu na chini, ni matano tu. Hili ni la sita. Hili limeota akiwa na miaka kama sita, nyuma ya mengine yote, na halina mbadala."

Mama alihesabu mwenyewe kwa kidole. Akarudia upande wa pili. Nilimwona uso ukibadilika.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini jino hili hupotea kimyakimya katika nyumba nyingi. Jino la utoto likitoka, nyumba nzima hujua: mtoto hulirusha juu ya paa na kuomba jipya. La sita halimng'oi mwenziwe ili lipate nafasi. Linachomoza nyuma kabisa, mahali ambapo mswaki wa mtoto haufiki vizuri, na juu yake lina mifereji inayokamata mabaki ya lawalawa na barafu za ubuyu. Anayeweza kulikuta mapema ni mtu anayewaona watoto wote wa umri huo wakiwa pamoja, na mahali hapo ni darasa la kwanza na la pili. Hakuna hospitali itakayowapata hivyo, kwa sababu hospitali humpata mtoto akiwa tayari analia.

La sita la upande wa pili lilikuwa na tundu dogo. Dada alikwangua polepole, bila sindano, huku binti akinishika kidole. Akachanganya ule unga, akaujaza, akaukandamiza kwa kidole kilichopakwa mafuta. "Usile kitu kwa saa moja, binti yangu." Ilikwisha kabla kengele ya mapumziko haijalia.

Lile lililooza mpaka mzizi liling'olewa hospitalini wiki iliyofuata. Mtoto wa miaka minane, jino la maisha yake yote. Mpaka leo jambo hilo linaniuma, maana mwaka mmoja tu nyuma lingezibwa palepale kwenye dawati.

Kwenye kikao cha wazazi nilikuwa nimejiandaa kuzungumza. Sikupata nafasi, maana mama yule alisimama kabla yangu, akamwita binti yake mbele, akamfumbua kinywa na kuhesabu kwa sauti mpaka pengo. "La sita. Halirudi. Nendeni mkawahesabie wanenu usiku huu."

Baba mmoja aliuliza dawa ya meno nani atanunua. Tulibishana sana, na yalikuwa mabishano ya maana. Tulikubaliana mchango wa uji uongezwe kidogo, dawa yenye floridi, madini yanayoimarisha meno, inunuliwe kwa pamoja na ikae kwa mwalimu wa darasa, kila mtoto awe na mswaki wake wenye jina, na wapige mswaki baada ya uji penye vibuyu chirizi, wateme bila kusukutua sana ili floridi ibaki kwenye meno. Tukakubaliana pia kuwaomba matabibu warudi kila mwaka kwa ajili ya darasa la kwanza jipya. Barua niliiandika mimi, mwalimu mkuu akaigonga muhuri, na mama yule akaipeleka mwenyewe hospitalini siku ya kumrudisha binti kukaguliwa.