Faiba imefika mtaani, ile rauta ya DSL msiitupe

Kama kwenu bado intaneti inakuja na waya wa simu, ile DSL, na mmeambiwa faiba imefika mtaani, basi soma hii kabla fundi hajapiga hodi. Mimi niko Malindi, mtaa wa Shela, kazi hii nimeifanya kwa mamangu alafu kwa majirani walioniita, na kinachowasumbua watu ni kile kile nyumba hadi nyumba: rauta ni nzima, taa zinawaka, waifai inaonekana kwenye simu lakini intaneti hakuna, kisha mtu anaambiwa akanunue rauta ingine. Mara nyingi pesa hiyo inapotea bure.

Kile kiboksi cha DSL kina kazi mbili ndani yake. Ya kwanza ni modemu, inayoongea na laini ya simu. Ya pili ndio rauta yenyewe, inayotoa waifai na kuwagawia simu, laptopu na TV. Ukihama, modemu ndio inayokosa kazi, manake faiba haipiti kwenye shaba. Upande wa rauta haujali intaneti imetoka wapi, bora iletewe mlangoni.

Sasa kigeuze uangalie nyuma. Kuna tundu dogo la plagi ya simu, limeandikwa DSL au LINE, hilo basi tena. Karibu yake kuna matundu makubwa zaidi ya LAN, mara nyingi manne, na rauta zingine zina tundu moja limetengwa, rangi yake mbali, limeandikwa WAN. Hapo ndipo unapoingia waya unaotoka kwenye kiboksi kipya cha faiba, kile mafundi wanakiita ONT. Kama yako haina WAN ingia kwenye setingi uangalie, ziko zinazokubali tundu moja la LAN ligeuzwe liwe WAN. Ikikosa hilo pia bado usiitupe, iko kazi yake nitaieleza chini.

Kuingia kwenye setingi, shika waifai ya hiyo rauta, fungua brauza uandike 192.168.1.1 au 192.168.0.1, lebo iliyobandikwa chini itakwambia ni ipi. Humo ndani ndimo mlimo na shida yenyewe. Kwenye DSL nyingi rauta ilikuwa inajitambulisha kwa jina la akaunti na pasiwadi, njia inaitwa PPPoE, pamoja na vinamba viwili vya VPI na VCI. Ukiibandika kwenye faiba ikiwa bado na habari hizo, itakaa inabisha mlango ambao haupo tena. Sehemu nyingi setingi mpya ni DHCP tu, yaani otomatiki, rauta inaomba anwani na inapewa, hakuna jina hakuna pasiwadi. Lakini ziko kampuni za faiba ambazo nazo zinatumia PPPoE, na zingine zinataka namba ya VLAN ijazwe, yaani namba ya kutenga njia ya intaneti kwenye waya, na hizo huwezi kuzibahatisha. Kwa hivo kabla fundi hajashuka ngazi muulize maneno haya: ni DHCP au PPPoE, na kama ni PPPoE jina na pasiwadi ni gani, na VLAN iko? Yaandike kwenye karatasi uibandike juu ya rauta.

Kwa mamangu fundi alikuwa kijana mwenye heshima zake, shikamoo mama, akapewa maji akanywa, akavuta waya vizuri kabisa, akapima spidi kwa simu yake akaridhika. Mama akamwambia, "Mwanangu, hebu nipe na hayo ya kujaza kwenye rauta yangu." Akajibiwa, "Mama, sisi tunaishia kwa kiboksi chetu, hiyo ingine si kazi yetu." Akaenda zake. Hili linaniuma kwelikweli, manake ni maneno ya nusu dakika tu, na mtu mzima anabaki na nyumba haina intaneti mpaka mwanawe afike. Kampuni inayouza huduma ingemwachia kila mteja kikaratasi hicho bila hata kuulizwa.

Walio nje wananiuliza kuhusu kebo, nayo niiseme. Dadangu yuko Uingereza, yeye alitoka DSL akaenda kebo, ule waya mnene wa mviringo wa TV ambao kichwa chake kinafungwa kwa kuzungusha. Kule unakaa na modemu ya kebo, inafuata utaratibu unaoitwa DOCSIS, na rauta yako inaunganishwa nyuma yake. Habari za PPPoE au PPPoA, ndugu yake, zote unaziondoa unaweka DHCP. Sasa modemu nyingi za kebo zina tabia moja, zinakishika kile chombo cha kwanza kilichounganishwa, kwa anwani yake ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kila chombo, na ukileta chombo kingine zinakaa kimya. Fundi wake alikuwa amejaribu kwa laptopu kwanza. Dada ananipigia video ya WhatsApp, "Kaka, kwa laptopu inashika, kwa rauta haishiki, nifanyeje?" Nikamwambia dada, chomoa modemu ukutani kabisa, subiri dakika chache, irudishe yenyewe peke yake mpaka taa zitulie, alafu ndio uwashe rauta. Ikashika. Ingekataa, kwenye setingi za rauta kuna sehemu ya kunakili anwani ya MAC ya laptopu, modemu ikaona ni yule yule.

Tukirudi Malindi. Hapa ONT nyingi zinakuja na waifai yake ndani, yaani nayo ni rauta, na hapo ndipo ile ya zamani inapopata kazi nzuri kuliko zote. Nyumba zetu za zamani kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta unakaribia nusu mita. Waifai ya 5 GHz ikigonga ukuta wa namna hiyo inaishia pale pale, ile ya 2.4 GHz inajikaza kidogo, ikikuta ukuta wa pili nayo imechoka. Kwa mama faiba imeingilia ukumbi wa mbele, na chumba chake kiko nyuma ya kiwanda, yaani ule ua wa katikati ya nyumba. Simu yake ilikuwa inaonyesha kijistari kimoja, akipigiwa video na wajukuu sura zinaganda, darsa anazosikiliza usiku zinakatika katikati ya maneno.

Nilichofanya ni kuvuta waya wa mtandao kutoka ONT, nikaupitisha juu ya kiwanda mpaka chumbani, ndani ya mfereji wa plastiki usipigwe na jua. Waya huo unafika mita 100 bila shida, nyumba gani ya mtaani itazimaliza. Kule mwisho nikaweka rauta ya zamani, lakini kabla ya kuichomeka niliibadilisha mambo mawili. DHCP yake nikaizima, ili mgawaji wa anwani abaki mmoja, ONT. Na anwani yake nikaitoa 192.168.1.1 nikaiweka 192.168.1.2, manake ONT ilikuwa na hiyo hiyo ya kwanza, na viboksi viwili haviwezi kutumia anwani moja. Alafu waya ukaingia LAN kwa LAN, tundu la WAN halihusiki kabisa, ndio maana nasema hata rauta isiyokuwa nalo inafaa. Channeli ya 2.4 GHz ya kiboksi kimoja nikaiweka 1 na ya kingine 11 zisipigiane kelele. Saa hii mama akiwa kitandani ana spidi ile ile ya ukumbini.

Jina la waifai na pasiwadi yake nimeacha zile zile za zamani, kwenye viboksi vyote viwili, aina ya ulinzi ikiwa WPA2. Simu, TV, laptopu ya mdogo wangu, vyote vimejishika vyenyewe, hakuna aliyeulizwa pasiwadi. Kitu cha kubadilisha ni pasiwadi ya kuingilia setingi, usiiache ile ya admin iliyotoka dukani.

Kuna watu wanauliza kuhama kwenyewe kuna faida gani. Kwa sisi wa pwani jibu liko kwenye maungio ya waya. Chumvi ya bahari inakula shaba, ukifungua kile kisanduku cha simu cha ukutani unakuta kutu ya kijani, mvua ikinyesha laini inakoroma na DSL inakatika. Halafu DSL inapungua kadri unavyokuwa mbali na eksichenji, kile kituo cha laini za simu, hata ADSL2+ ambayo kwa karatasi inafika 24 Mbps, ukiwa mbali unapata kidogo sana. Tangu 2009 nyaya za baharini zilipofika Mombasa, TEAMS na SEACOM, nchi ina njia pana ya kutokea, iliyobaki nyembamba ni ile shaba ya kutoka eksichenji mpaka mlangoni. Faiba ni kioo, haina kutu. Ila usiikunje kwenye kona wala kuipigia msumari, na ile ncha ya plagi ya kijani usiiguse kwa kidole. Ukiona taa ya LOS inapepesa nyekundu, hiyo si setingi, mwanga haufiki, piga simu kwa kampuni.

Stima nayo ikienda ONT inazima. Soma adapta zako, nyingi zimeandikwa 12V, kuna vibetri vidogo vya UPS vya kiwango hicho, kimoja ukichagua chenye ampea za kutosha kitabeba ONT na rauta pamoja.

Na ile laini ya simu usiikate siku hiyo hiyo. Acha faiba ipite angalau mvua moja kubwa, uone imesimama, ndipo uende kuifunga, na kama modemu ilikuwa ya kukodi uirudishe na udai risiti.