Mgonjwa wa pumzi 38

Alifika saa nne usiku, mwezi wa Juni, baridi ya Mbeya ikiwa imekolea hata sista akasugua viganja vyake kwanza ndipo akamshika mgonjwa. Mwanaume wa miaka 41, mkulima wa mpunga kutoka Kyela. Alikuwa ameharisha na kutapika kwa siku nne, akameza vidonge vya maumivu na kunywa mizizi ya kuchemsha, na kwa siku mbili hakuwa amepata mkojo. Mambo machache nimeyabadilisha ili asitambulike, lakini ugonjwa ulikuwa huohuo.

Macho yalikuwa yamedidimia na ulimi umekauka, lakini kilichonishtua ni pumzi. Alikuwa anavuta hewa kwa kina na kwa haraka, mdomo wazi, kifua chote kikiinuka, na huku mapafu nilipoyasikiliza yalikuwa safi kabisa na oksijeni kidoleni ilisoma asilimia 96. Nilisimama miguuni pa kitanda nikahesabu dakika nzima. Pumzi 38. Mkewe, kanga mbili mabegani na koti la kiume juu yake, akaniambia, "Daktari, toka Tukuyu anapumua hivyo. Kama mtu anayepanda mlima huku amelala."

Sijawahi kusikia mtu akieleza jambo hili vizuri kuliko mama yule.

Kila siku mwili unatengeneza asidi, na una njia mbili kubwa za kuitoa. Mapafu yanatoa kaboni dioksidi, figo zinatoa asidi iliyobaki kwa njia ya mkojo na kurudisha kwenye damu bikabonati, chumvi inayozima asidi. Figo zikisimama, asidi inajaa na bikabonati inaisha kwa kuizima. Hapo ubongo unaamuru mapafu yafanye kazi ya wote wawili. Kwa hiyo pumzi zile 38 zilikuwa ndiyo tiba pekee aliyokuwa nayo, na alikuwa anajitibu mwenyewe tangu Tukuyu.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nililijifunza kwa gharama ya mtu mwingine. Miaka kadhaa nyuma, katika hospitali nyingine, nilimpokea mama wa miaka 29 aliyetoka damu nyingi wakati wa kujifungua na figo zikagoma. Alikuwa anahema vilevile. Mimi nikaona mtu aliyechoka, nikaamua kumsaidia: nikampa dawa ya usingizi, nikamwekea mrija wa hewa kooni, nikaweka mashine ya kupumulia kwenye pumzi 14 kwa dakika kama nilivyozoea kwa kila mgonjwa. Kwenye monita oksijeni ilikuwa 100. Kabla hazijaisha dakika kumi moyo ulisimama, na haukurudi. Nilimnyang'anya pumzi zaidi ya ishirini kwa kila dakika, na sikujua kwamba zile ndizo zilizokuwa zinamweka hai. Mtoto wake alikuwa na siku tatu.

Basi usiku ule wa Juni, daktari kijana niliyekuwa naye zamu alipoanza kuandaa vifaa vya kuweka mrija, nilimshika mkono. "Tupime kwanza, mdogo wangu."

Damu ya ateri tuliichukua kwenye kifundo cha mkono. Hapa watu wengi wanaharakisha, na jibu linakuja la uongo. Dawa ya kuzuia damu kuganda ikibaki nyingi ndani ya bomba la sindano inachanganyika na damu na kuishusha bikabonati kwenye kipimo. Kipovu cha hewa kikiachwa kinaharibu namba za gesi. Na sampuli ikikaa mezani huku mtu anatafuta karatasi ya kuandikia, chembe za damu zinaendelea kula glukosi na pH, kipimo ambacho hushuka asidi inapozidi, inashuka. Tulitoa povu, tukaziba, kijana akaipeleka mwenyewe mbio. Siku ambazo ateri inakataa natumia damu ya vena. Bikabonati inakaribiana sana, na pH huwa chini kidogo tu. Ni bora kuliko kukisia.

Majibu: pH 7.09, ambapo kawaida ni 7.35 hadi 7.45. Kaboni dioksidi milimita 17 za zebaki. Bikabonati 5. Sodiamu 134, kloridi 110, potasiamu 7.1, kreatinini, ile taka inayotolewa na figo, 890, na albumini, protini ya damu, gramu 20 kwa lita.

Ninapopata karatasi kama hii nafanya hesabu mbili kwa kalamu, hata nikiwa nimechoka vipi. Ya kwanza inauliza kama mapafu yanatosheleza: bikabonati zidisha kwa 1.5, ongeza 8, na jibu linaweza kupungua au kuzidi kwa 2. Kwake ilitoa 15.5. Alikuwa na 17. Alikuwa anaweza, lakini pembeni kabisa ya uwezo wake. Nikamwonyesha kijana: "Sasa fikiria umemlaza usingizi, kaboni dioksidi ikapanda hadi 40 ambayo wewe unaiita ya kawaida. Na bikabonati ni 5." Akapiga hesabu kwenye simu. Jibu lilikuwa karibu 6.7. Akarudisha vifaa kwenye trei bila kusema neno.

Na ile 40 yenyewe si yetu. Mbeya mjini tuko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na hata mwenye afya njema akiishi huku anapumua zaidi kidogo na kaboni dioksidi yake inakaa chini kidogo kuliko ya mtu wa Dar es Salaam. Anayeweka mashine hapa kwa namba za pwani anaanza tayari amepungukiwa.

Hesabu ya pili inauliza asidi imetoka wapi. Unachukua sodiamu, unatoa kloridi na bikabonati. Jibu, tunaloliita pengo, lilikuwa 19. Albumini yake ilikuwa chini sana, na hilo linaficha ukubwa wa pengo, kwa hiyo unaongeza 2.5 kwa kila gramu 10 zilizopungua kwenye 40. Ikawa 24. Pengo la kawaida nalichukulia kuwa 12, maana yake kulikuwa na asidi za figo za kiasi cha 12 hivi. Lakini bikabonati ilikuwa imeshuka kwa 19, kutoka 24 hadi 5. Hizo 7 zilizobaki zilikwenda wapi?

Sehemu moja ilitoka na kuharisha, maana choo cha maji hubeba bikabonati. Sehemu nyingine ilikuwa kwenye karatasi ya rufaa: alikuwa amepewa lita nne za dripu ya chumvi. Maji aliyahitaji, na waliompa walimwokoa asife kwa kukaukiwa. Ila dripu ile ina kloridi 154 kwa lita, nyingi kuliko ya damu, na lita nne mfululizo kwa mtu asiye na figo zinaongeza asidi juu ya asidi. Nilibadilisha kuwa dripu ya Ringer lactate, yenye kloridi kidogo kuliko hiyo. Sista mmoja mzoefu akanikumbusha kuwa Ringer ina potasiamu, na mgonjwa ana 7.1. Ni swali la haki na nimeshalijibu mara nyingi: ina 4 tu kwa lita, chini ya ile iliyomo ndani ya mgonjwa, wakati asidi inayoletwa na chumvi nyingi inasukuma potasiamu itoke kwenye seli. Tangu nianze kufanya hivi sijajuta.

Potasiamu ndiyo iliyokuwa karibu kumuua kabla hata ya asidi. ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ilionyesha mawimbi marefu yaliyochongoka kama mahema. Tukampa kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, mililita 10 polepole, tukaona mawimbi yanatulia, tukarudia mara moja. Kisha, ili potasiamu irudi ndani ya seli, insulini uniti 10 pamoja na glukosi ya asilimia 50, mililita 50, na salbutamoli ya kuvuta. Kwa mgonjwa wa figo insulini inakaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo nilimwomba sista apime sukari kila saa kwa saa sita. Saa nane usiku ilisoma 3.1, imeshuka mno. Bila kile kipimo tungesema amezidiwa na ugonjwa.

Sasa bikabonati. Watu wanabishana sana juu yake, na wana sababu. Ukiimwaga haraka inazalisha kaboni dioksidi ambayo mapafu lazima yaitoe, inapandisha sodiamu, na inashusha kalsiamu inayofanya kazi kwenye damu, moyo ukalegea. Kuna utafiti uliofanyika ICU, yaani wodi za wagonjwa mahututi, za Ufaransa na kutolewa mwaka 2018, kwa wagonjwa wenye pH ya 7.20 kushuka chini: kwa ujumla haukuonyesha tofauti, lakini wale walioumia figo walionekana kufa wachache walipopewa. Utafiti mwingine wa Ufaransa uliotoka mwaka 2025 ukawachukua wagonjwa wa aina hiyo peke yao, na haukupunguza vifo kwa siku 90. Ila waliopewa bikabonati walihitaji kusafishwa damu kwa uchache zaidi.

Mimi nikiwa Mbeya naisoma habari hiyo kwa macho ya huku. Usiku ule mashine za kusafisha damu zilikuwepo, lakini fundi na muuguzi wake walikuwa nyumbani, mmoja Uyole na mwingine Mbalizi, na mpaka mashine ioshwe na kuandaliwa zinapita saa. Bikabonati ilikuwa inanunua saa hizo. Nilichukua mililita 150 za asilimia 8.4, nikazichanganya kwenye mililita 850 za dripu ya glukosi ya asilimia 5, iingie kwa saa nne, kwa mapafu yaliyokuwa bado yanafanya kazi yao.

Hapo ndipo tulipata msukosuko mdogo. Kijana alitaka kurudia kalsiamu kwa njia ileile iliyokuwa inapitisha bikabonati. Niligeuka nikaona ndani ya mpira kitu cheupe kama maji ya chokaa kinateremka taratibu kuelekea mkononi mwa mgonjwa. Nilibana mpira kwa vidole, tukaufunga, tukautupa wote na kuweka njia mpya mkono wa pili. Kalsiamu na bikabonati zikikutana zinaganda kuwa chokaa. Tangu siku ile kila mgonjwa wa aina hii namwekea njia mbili na plasta ya rangi tofauti juu ya kila moja.

Saa tisa alianza kusinzia, na hofu yangu kubwa ilikuwa hapo. Mtu anayepumua hivi akichoka, anachoka ghafla. Nilikuwa nimeshapanga: ikibidi mrija, ataweka mwenye mkono mzoefu kuliko wote, dawa ya usingizi kidogo iwezekanavyo, mashine ianze kwenye pumzi 30 kwenda juu huku tukiangalia kama hewa yote inatoka kabla ya pumzi inayofuata, na gesi ipimwe ndani ya dakika 15. Sista alikaa kwenye stuli kando ya kitanda akihesabu pumzi na kuziandika kila baada ya dakika kumi: 38, 36, 37, 34. Zikishuka huku mgonjwa anaamka, ni heri. Zikishuka huku haitiki, tunakimbia. Alipomwita, "Baba, fumbua macho," alifumbua.

Saa kumi na nusu alfajiri alianza kusafishwa damu kwa mpira uliowekwa shingoni. Mara ya kwanza sipendi pupa: saa mbili tu, damu ipite mililita 200 kwa dakika, kwa sababu uchafu ukiondoka kwenye damu haraka kuliko kwenye ubongo, maji yanaingia ubongoni na mgonjwa anaweza kupata degedege. Umeme ulikatika katikati. Wakati jenereta inajivuta, muuguzi wa mashine alizungusha pampu kwa mkono, taratibu, huku akimwongelesha mgonjwa kuhusu mpunga wa Kyela bei yake msimu ule.

Baada ya hapo pH ilikuwa 7.27, bikabonati 14, potasiamu 5.2. Cha ajabu kwa kijana wangu, mgonjwa aliendelea kuhema haraka hadi mchana. Ubongo unachelewa kupata habari. Damu inarekebika kwanza, maji yanayouzunguka ubongo yanafuata baadaye. Hii nayo ni sababu ya kutokimbilia namba nzuri. Ukiisukuma bikabonati hadi 24 asubuhi moja na yeye bado anahema, anavuka upande wa pili, damu inakuwa na alkali, kalsiamu inashuka na vidole vinakakamaa. Tuliacha hapo. Kesho yake alisafishwa damu kwa muda wa saa tatu, siku iliyofuata hakusafishwa.

Kwa siku sita mfuko wa mkojo ulibaki mtupu na mkewe aliuangalia kila alipoingia, kabla hata ya kumsalimia mumewe. Aliniuliza kama figo zimekufa. Nilimwambia zilivyoumia ni kwa kukosa maji na kwa zile dawa za maumivu, na kwamba figo za namna hii mara nyingi huamka, ila hakuna wa kuzipangia siku. Siku ya saba kulikuwa na mililita 60, nzito kama chai ya rangi iliyolala. Mama alishika mfuko kwa mikono miwili, akasema "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, sijui kama ni kwangu au kwa Mungu.

Siku ya kumi mkojo ulizidi lita tatu, na kazi ikageuka kuwa kumrudishia potasiamu ileile tuliyokuwa tunaikimbiza. Siku aliyotoka wodini nilisimama tena miguuni pa kitanda, kwa mazoea, nikaangalia saa. Pumzi 16. "Bado unamhesabia, Daktari?" mkewe akauliza, akiwa anakunja kanga.

"Bado, mama."