Lebo ya sabuni ya mwani: mpe msanifu, lakini mpe vizuri

Ukitengeneza sabuni ya mwani peke yako pale Paje, Zanzibar, kazi ya kwanza kuitoa mkononi ni lebo. Usimwambie msanifu wa michoro “nifanyie kitu kizuri”. Mpe mche wenyewe wa sabuni, vipimo kwa milimita, na maandishi yaliyokwisha kusahihishwa: jina, viambato, uzito. Picha zitume WhatsApp kama dokumenti. Zikienda kama picha hubanwa, zikichapwa hutoka na ukungu. Rangi ziwe za CMYK, yaani mfumo wa rangi za uchapaji, maana kijani kinachong'aa kwenye simu hupooza karatasini. Msanifu aache milimita 3 za rangi ya ziada kila upande, la sivyo kisu cha kukatia lebo kikiyumba kidogo tu utaona ukingo mweupe. Malipo ya mwisho yasubiri faili la asili, lile linaloweza kurekebishwa. Wanaopokea JPEG tu, yaani picha iliyokwisha kuunganishwa, siku wakiongeza sabuni ya karafuu, huanza upya.