Jina Mkononi

Somo: Isaya 49:14–16

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Alhamisi iliyopita tulikutana Muyeye, hapa Malindi, na waliokuwapo wanajua joto lilivyokuwa. Kaskazi imelegea, kusi haijaingia, hata upepo wa kutikisa pazia hakuna. Sisi sote tunajipepea kwa vitabu vya nyimbo, lakini kijana wetu mmoja amekaa na shati la mikono mirefu, vifungo vyote vimefungwa, jasho linamtiririka. Chai ilipoletwa akanyoosha mkono kupokea kikombe, mkono wa shati ukapanda, tukaona. Jina limechorwa kwa wino mweusi, limeanzia kwenye kifundo cha mkono likielekea kwenye kiwiko. Tatoo.

Mzee wetu mmoja, mtu ninayemheshimu sana, alikuwa amefungua Walawi 19:28 hata chai haijapoa: "Msichanje chale yo yote katika miili yenu kwa ajili ya wafu, wala msiandike alama miilini mwenu; Mimi ndimi BWANA." Akafunga Biblia. Kijana akashusha mkono wa shati. Mahamri yakaliwa kimya, na mimi mwalimu wa Shule ya Jumapili, ambaye kwa kawaida sinyamazi, nikanyamaza. Hakuna aliyemuuliza lile lilikuwa jina la nani. Juma zima jambo hilo limenikaa rohoni, basi ichukueni tafakari hii kama deni ninalolipa.

Mstari wenyewe tusiukwepe, ni Neno. Lakini tuusome na jirani zake. Mstari wa 27, hapo hapo juu, unakataza kuharibu pembe za ndevu, na mzee wetu (anisamehe) siku ile alikuwa amenyoa kidevu kikang'aa. Silisemi hilo kumfunga mdomo. Mistari hiyo miwili imeshikana kwa sababu inahusu matanga. Kumbukumbu la Torati 14:1 inalisema wazi: msijikate kwa ajili ya mtu aliyekufa. Majirani wa Israeli walipofiwa walijinyoa na kujikata nyama. Sisi watu wa huku tunaweza kuelewa, maana tunajua jinsi msiba unavyodai uachiwe alama. Wazee wa Kigiriama wa chama cha Gohu huchongewa kigango, nguzo ya ukumbusho, wakishafariki, mti ukakatwa pembetatu baada ya pembetatu kuanzia juu mpaka chini. Habari ya vigango tuiache kwa siku nyingine, ni ndefu na ina wizi ndani yake. Ninachotaka mwone ni kwamba hapo panapochanjwa ni mti, si mwili wa mfiwa. Tena lile neno la Kiebrania lililotafsiriwa "alama" katika Walawi linatokea mara hiyo moja tu katika Biblia nzima. Kwa hiyo anayelitumia kama rungu alishike taratibu.

Na desturi yenyewe ni kongwe kuliko Musa. Tarehe 19 Septemba 1991, watalii wawili Wajerumani waliokuwa wakipanda milima ya Alps, mpakani mwa Italia na Austria, walikuta maiti imejitokeza kwenye barafu. Walidhani ni mtu aliyepotea mlimani hivi karibuni. Kumbe alikuwa amelala pale miaka kama 5,300, kabla hata ya Ibrahimu kutoka Uru. Sasa anaitwa Ötzi, amehifadhiwa mjini Bolzano, na mwilini mwake zimehesabiwa alama 61 za masizi yaliyotiwa chini ya ngozi. Hakuna joka wala ua. Ni vimistari na misalaba midogo tu, na nyingi ziko kiunoni, magotini na kwenye vifundo vya miguu, mahali ambapo picha za eksirei zimeonyesha viungo vilivyokuwa vimelika. Wataalamu wengi wanaona yalikuwa matibabu.

Niliposoma hayo nilimkumbuka hawe wangu, yaani nyanya yangu. Alikuwa na chale mbilimbili juu ya magoti, nyeusi, za tangu ujana wake. Alichanjwa, dawa nyeusi ikasuguliwa ndani, kwa sababu magoti yalimuuma na hospitali ilikuwa mbali. Baadaye alibatizwa, akaimba kwaya miaka mingi, akazikwa na chale zake. Sijawahi kusikia mtu akimsomea Walawi. Mtu wa barafuni na hawe wangu, mmoja wa Ulaya na mwingine wa huku pwani, wote wawili walikuwa watu wa magoti mabovu.

Kuna na maiti nyingine, ya Gebelein kule Misri, karibu rika moja na Ötzi. Iko katika jumba la makumbusho la Uingereza, London, na kwa zaidi ya miaka 100 watu walipita mbele yake wakaona doa tu kwenye mkono wa juu. Mwaka 2018 watafiti walitoa matokeo ya kuipiga picha kwa mwanga wa infraredi, na lile doa likawa fahali-mwitu na kondoo-mwitu mwenye pembe zilizopinda. Miaka mia wanatazama na hawasomi. Nilipofika hapo niliiweka simu chini.

Ya visiwa vya Pasifiki nayapita haraka, ingawa neno lenyewe limetoka huko. Watahiti walisema *tatau*, na watu wa nahodha James Cook waliofika mwaka 1769 wakaenda nalo kwao. Pia nayapita yale ya ufukweni kwetu, ila neno moja kwa akina mama: hina ni hina, lakini ile piko nyeusi inayochanganywa na rangi ya nywele imeshawababua watoto wa watu ngozi. Muwe macho.

Nataka kukaa zaidi Babeli. Isaya 49 inazungumza na watu walioonja uhamisho. Yerusalemu umeanguka mwaka 586 KK, kuta zimebomolewa pande zote, wenye nguvu wamechukuliwa. Na huko Babeli vibao vya udongo vya wakati huo vinataja watumwa walioandikwa mkononi jina la bwana wao. Waliokuwa mali ya hekalu la Ishtar mjini Uruk walitiwa alama ya nyota. Mtumwa akitoroka, anageuzwa mkono tu, inajulikana arudishwe kwa nani.

Mji wetu huu usijifanye mgeni wa habari hizo. Mashamba ya Malindi ya karne ya 19, ya mtama na nazi, yalilimwa na watumwa, na baadhi yao walitoroka wakaingia bara, Fuladoyo na kwingineko. Kwetu "mtumwa wa fulani" si lugha ya mahubiri tu. Warumi nao waliwachoma alama watumwa na wahalifu usoni, mpaka Konstantino alipotoa sheria, karibu mwaka 316, kwamba waliohukumiwa wasitiwe alama usoni, kwa kuwa uso umeumbwa kwa mfano wa uzuri wa mbinguni. Mikono na miguu aliiacha iendelee kutiwa. Huruma nusu, lakini nusu hiyo ilitoka kwenye Mwanzo 1. Na katika karne iliyopita, kule Auschwitz, wana wa watu wale wale walioandikiwa Walawi 19 walichorwa namba mkononi. Namba mahali pa jina.

Sasa msikilize wahamishwa wanavyolalamika katika mstari wa 14: "Yehova ameniacha, Bwana amenisahau." Watu walioona mikono ya watumwa ilivyoandikwa. Na jibu la mstari wa 16: "Tazama, nimekuchora katika vitanga vya mikono yangu, kuta zako ziko mbele zangu daima."

Aliyeandikwa ni Bwana mwenyewe! Jina liko kwenye mkono usiotakiwa kuwa na jina la mtu. Wakristo wa Kikopti kule Misri huchorwa msalaba mdogo kwenye kifundo cha mkono wa kulia, na Yerusalemu iko familia ya Razzouk, asili yao Wakopti, ambayo kwa karne nyingi imewachora mahujaji kwa kutumia mihuri ya mbao. Ni imani nzuri, siidharau. Paulo naye alisema, "ninachukua mwilini mwangu chapa zake Yesu," na hakukaa kwenye kiti cha mchoraji kuzipata. Zilikuwa makovu ya bakora na mawe. Lakini zote hizo ni za mtumwa kumbeba Bwana. Isaya amegeuza mkono upande wa pili.

Kuna sehemu ya mstari tunayoiruka kila tunapoukariri: "kuta zako". Kuta zipi? Zilikuwa zimebomolewa. Mwaka jana tuliwapeleka watoto wa Shule ya Jumapili kwenye magofu ya Gede, mnakumbuka kima walivyotunyang'anya ndizi. Tulisimama kwenye lile kaburi la mwaka 1399, halafu tukazunguka kuta za matumbawe, mizizi imezikumbatia, milango haina nyumba. Mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, nani anakumbuka waliokaa hapa?" Nilimjibu kitu cha kiwalimu, sikikumbuki vizuri. Sasa naona Sayuni ilikuwa Gede siku ile iliponena nabii, na Mungu anasema ramani ya magofu hayo ameichora kiganjani. Hakungoja mji ujengwe upya ndipo achore.

Wanaojua ngozi wanaeleza kwamba wino wa tatoo haukai juujuu. Unashuka safu ya chini, seli za ulinzi za mwili zinaumeza zikidhani ni adui, zinashindwa kuuyeyusha, na seli moja ikifa nyingine inaupokea. Mwili unapokezana jina ambalo haukuweza kulifuta. Tangu nilisome hilo, lile neno "daima" la mstari wa 16 halinipiti tena haraka.

Jumamosi nilipanda tuktuk mpaka mtaa wa Kisumu Ndogo, kwa yule kijana. Nilimwomba radhi kwa kunyamaza kwangu, kisha nikamuuliza swali ambalo hatukuliuliza. Jina ni la hawe wake, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Bado yuko hai, na alikuwa pale pale mlangoni anapeta mchele. Hajui kusoma. Alikuwa ameambiwa na majirani kwamba mjukuu amejichora, hakuambiwa amechora nini. Nilimsomea herufi moja moja, akawa anapitisha kidole gumba juu ya kila moja.

"Iliuma?" akamuuliza.

"Iliuma, hawe."

Akafikiri. "Ungeandika nusu."

Alhamisi hii tuko kwake. Tutasoma Isaya 49 kuanzia mstari wa 14, na mzee wetu amekubali kuwa msomaji. Mwenye mkeka aje nao, viti ni vichache.