Siku moja na fundi wa mifumo Kariakoo: kitufe kilichogoma

Saa kumi na mbili asubuhi niko Kimara, foleni ya mwendokasi. Kufika saa mbili nimeshapita maduka mawili na kubadilisha karatasi ya printa ya risiti ambayo mwenyewe aliapa kwamba imekufa. Wengi wakisikia fundi kompyuta, picha inayowajia ni hiyo: karatasi na virusi.

Saa tatu na robo, simu. Duka la vifaa vya ujenzi. "Fundi, kitufe cha Kopesha kimegoma. Jana asubuhi kilikuwa kizima!"

Nafika, nabonyeza. Kinabonyea vizuri, halafu kimya. Hakuna hata ujumbe wa kosa. Afadhali mfumo unaopiga kelele.

Mfumo huu wa duka umeandikwa kwa lugha ya Java, skrini zake zimechorwa kwa NetBeans, programu ya kuundia programu. Wewe unaburuta vitufe, yenyewe inaandika msimbo (maelekezo kwa kompyuta) kwenye sehemu iitwayo initComponents na kuupaka kijivu usiuguse. Juu yake kuna onyo kabisa. Sasa mpwa wa mwenye duka, mwanachuo, aliwahi kulifungua faili la msimbo huo kwa Notepad, ambako hakuna cha kijivu wala cha kukuzuia. Akaongeza mstari wa kuunganisha kitufe na hifadhiMkopo(), msimbo unaohifadhi mkopo. Ukafanya kazi vizuri tu. Jana jioni mjomba akataka kitufe kisogee karibu na cha Lipa. Kijana akafungua mchoro, akasogeza, akahifadhi. NetBeans ikaandika initComponents upya kutoka kwenye faili la .form, linalotunza mchoro wenyewe, na mstari wa kijana ukafutika. Ukirekebisha pale unasahihisha fotokopi, orijino ni .form.

Kuligundua hilo ni dakika chache. Kulimaliza ndiyo shughuli, maana mradi wenyewe uko kwenye kompyuta ya kaunta. "Fundi, pisha kidogo, huyu wa nondo." Napisha. Narudi. "Pisha, saruji mifuko kumi." Na katikati ya nondo na saruji: "Kitufe kimoja tu, unachungulia nini humo? Siyo virusi?"

"Siyo virusi, mzee wangu." Namfungulia .form aone: kitufe kipo, mahali pake papya papo, lakini hakina EventHandler hata moja, yaani maelezo ya nini kifanyike kikibonyezwa. Anatikisa kichwa, anarudi kwenye daftari lake la wadeni.

Adhuhuri imeadhiniwa, sijanywa hata maji, feni inapuliza vumbi la saruji. Namkalisha kijana mwenyewe: bofya kitufe kwenye mchoro, nenda kwenye sifa, sehemu ya matukio, chagua actionPerformed. NetBeans inamtengenezea metodi (kipande cha msimbo chenye jina lake) yenye tumbo jeupe, unaloruhusiwa kuandika. Humo ndani anaita hifadhiMkopo(). "Na yale ambayo dirisha hili haliruhusu, kaka?" Swali zuri. Yaweke kwenye konstrakta (msimbo unaoendeshwa skrini inapoundwa), chini ya initComponents(), hapo NetBeans haigusi.

Kisha jaribio ambalo wengi hawafanyi: tunasogeza kitufe makusudi, tunahifadhi, tunaendesha upya. Mkopo unaingia. Tunakirudisha, unaingia tena.

Bei sasa. "Kijana ndiye aliyebonyeza, wewe umekaa pembeni. Nikulipe nini?" Hapo tumekwenda muda mrefu kuliko kwenye msimbo. Nusu katuma kwa simu, nusu Jumatatu, kasema.

Kesho niko Mwenge, mfumo wa Windows Forms, skrini za kuchora za Microsoft. Wamehariri Designer.cs, faili la msimbo unaoandikwa na mchoro, kwa mkono, na fomu haifunguki tena kwenye mchoro.