Ngwe ya Baada ya Alfajiri

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mtume (S.A.W.) aliwafunga undugu masahaba wake wawili, Salman na Abu Dardaa. Siku moja Salman alikwenda kumzuru nduguye, akamkuta Ummu Dardaa, mke wa nduguye, amejiachia, hana habari na nguo wala pambo. Akamuuliza kulikoni. Akajibiwa: nduguyo Abu Dardaa hana haja na dunia. Salman hakumsifu mwenziwe kwa hilo. Alimtaka afungue saumu yake ya sunna wale pamoja. Usiku Abu Dardaa alipotaka kuinuka kusali akamwambia lala, akainuka tena, akamwambia lala. Lilipoingia fungu la mwisho la usiku wakaamka wakasali wote wawili. Kisha akamwambia: Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki juu yako, na ahali zako wana haki juu yako; basi mpe kila mwenye haki haki yake. Neno hilo lilipomfikia Mtume, akasema: Amesema kweli Salman.

Ijumaa hii tumelileta kwa ajili ya ndugu zetu waliohamia shamba hali bado wanasoma shahada ya uzamili. Wako walioolewa Konde au Micheweni huko Pemba, wako waliorithi konde na nyumba ya wazee, na wako ambao kodi ya mjini imewashinda. Vipindi vya chuo kule Tunguu wamevimaliza, imebaki tasnifu. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Darasa lina saa yake na mwalimu anakungoja; tasnifu haina anayekungoja mlangoni, na shamba lina wanaogonga hodi tangu jua halijapanda.

Tuanze na mwaka, kwa sababu mwaka wa shamba haupangwi na sisi. Mwenyezi Mungu anatuuliza katika Suratul-Waqi'a: je, ni nyinyi mnaoiotesha mimea au ni Sisi? Masika hushika Machi mpaka Mei. Ukikosa kupanda mpunga kwa wakati, au magugu yakautangulia, hakuna barua ya kuomba muda wa ziada. Tasnifu inasogezeka wiki mbili, mpunga hausogezeki. Kwa hiyo kalenda ya konde iandike kwanza, ya chuo uipange juu yake.

Kosa tunaloliona mara kwa mara ni mtu kumwahidi msimamizi kwamba atakusanya data Aprili. Aprili njia za ndani ni tope, watu wako mabondeni, na matawi yakiangukia nyaya umeme unakatika. Miezi hiyo ipe kazi ya chini ya paa: kusoma, kuandika mapitio ya maandiko, kurekebisha dodoso. Mahojiano yaweke mpunga ukishavunwa na kipupwe kimeingia. Lakini kwa Pemba uliza kwanza hali ya mikarafuu. Haizai sawasawa kila mwaka, na msimu mkubwa ukiingia utamkuta mzee yuko juu ya mti, mkewe na watoto wako kwenye jamvi, na hakuna atakayekaa saa nzima kukujibu. Muulize sheha, kiongozi wa shehia, kabla hujaandika tarehe. Kwake utakwenda tu, kwa sababu mgeni wa shehia lazima ajulikane kwa sheha, na kibali chako cha utafiti atataka kukiona. Ramadhani nayo hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Ratiba ya miaka 2 iwe na Ramadhani zote mbili, kila moja mahali pake.

Siku, kwa bahati, tumeshapangiwa. Visiwa vyetu vya Unguja na Pemba viko nyuzi 5 na 6 tu kusini mwa Ikweta, na nyakati za sala hazihami sana kati ya Januari na Disemba. Mwanafunzi wa nchi za mbali ana Alfajiri inayomkimbia kila msimu. Wewe unajua kwamba kati ya sala ya Alfajiri na jua kupanda una karibu saa moja, mwaka mzima. Saa hiyo ndiyo ya kuandika. Mtume aliuombea umma wake baraka katika asubuhi yake, na mwili pia unashuhudia: aliyepalilia mpaka saa 4 anaweza baadaye kupanga rejea, kusahihisha majedwali, kujibu barua pepe. Hoja mpya haimjii. Wanaojaribu kuandika saa 4 usiku baada ya kutwa ya jembe huamka wakakuta ukurasa mmoja unaorudia jambo lile lile mara tatu.

Wakulima wetu hawalimi konde zima kwa siku moja. Wanapima ngwe, kipande cha konde kilichopimwa kwa kamba, mtu akakimaliza akaenda zake. Andika kwa ngwe. Maneno 300 kila alfajiri, siku 5 kwa wiki, ni maneno 1,500. Kwa wiki 20 una rasimu ya maneno 30,000. Na amali anayoipenda zaidi Allah, tumefundishwa, ni ile inayodumu ijapokuwa ndogo. Siku 2 zilizobaki usizijaze. Ndizo za msiba, za kumpeleka mtoto hospitali, za kwenda kuzika kijiji cha pili na kurudi jua limepinda. Mgeni wa shamba asiyeonekana mazikoni kwa sababu ana sura ya tatu ya kumaliza hasahauliki upesi, na haki ya jirani ni haki.

Sasa lile jamvi, maana kuna somo ambalo mwanafunzi hulilipia ghali. Karafuu zilizochumwa leo huchambuliwa leo, makonyo mbali na karafuu mbali, na asubuhi huanikwa. Zikilala zimerundikwa ndani ya gunia zinapata moto, zinavunda, na hata ukizianika baadaye rangi ile nyekundu iliyokoza haiji tena. Jua likiwa zuri siku 4 au 5 zinatosha, ukizigeuza. Karafuu iliyokauka ukiikunja inakatika kwa mlio, ambayo bado inapinda. Mahojiano ni hivyo hivyo. Saa moja ya sauti huchukua saa 4 mpaka 6 kuiandika. Mtu anayerikodi watu 20 ndani ya wiki mbili halafu anaziweka hadi “konde litulie” amerundika gunia. Baada ya mwezi hakumbuki nani alinyamaza kwa huzuni na nani kwa kuchoka, na maneno ya Kipemba aliyodhani anayajua hayana wa kumweleza. Chukua mahojiano 2 kwa siku, mwisho 3. Jioni hiyo hiyo, kabla ya Isha, andika ukurasa mmoja wa kumbukumbu. Kuandika sauti yote kuishe ndani ya wiki.

Umeme tuuseme kwa ufupi. Kompyuta ya mkononi hula kiasi cha wati 50. Saa 3 za kazi ni wati-saa 150. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukiishusha chini ya nusu kila siku inakufa mapema, basi hesabu 600 tu, utoe na taa. Kazi yako iwe na nakala 3: kwenye kompyuta, kwenye flashi inayokaa nyumba nyingine, na kwenye intaneti. Makala zipakue usiku wa manane, mtandao ukiwa mwepesi, uzisome bila bando.

Tumebakisha ahali, na hapa ndugu zetu wanaume tunawaomba wasikilize. Salman aliona dhiki ya Ummu Dardaa kabla hajaiona sala ya mumewe. Mke anayesoma uzamili shambani ana maji ya kuteka, kuni, na uji wa watoto, vyote katika saa ile ile ya baada ya Alfajiri tuliyoisifu hapo juu. Akiambiwa “soma tu, nani kakukataza?”, hajapewa haki. Bibi Aisha aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani. Akasema alikuwa katika kuwahudumia ahali zake, na sala ikifika anatoka kwenda kusali. Ndoo mbili za maji kabla ya saa 12 na nusu, uji umeshatokota, na mlango wa chumba umeegeshwa: hiyo ni saa moja, ni maneno 300, na mumewe ana fungu lake ndani ya tasnifu ile.

Jioni ya leo, baada ya Magharibi, kaeni pamoja na kalenda moja. Wekeni mpunga, karafuu, Ramadhani, na tarehe ya chuo. Halafu mkubaliane nani atateka maji kesho.